Haraka, Pupa na Mguu Niponye: Maswali Yenu Kuhusu Vielezi vya Pirikapirika

Safari hii maswali mengi yamehusu vielezi vya namna, hasa vile vya kasi, hekaheka na nguvu. Nimeyafupisha mengine ili yaenee.

Mabasi yetu ya Dar es Salaam, wakala wake anayaita "mabasi yaendayo haraka", sisi abiria tunasema "mwendokasi". Haraka na kasi si kitu kimoja? (Msomaji, Temeke)

Hapana. Kasi ni ya mwendo wenyewe: mwendo wa gari, wa maji, wa mpira, wa mapigo ya moyo. Haraka inahusu muda na shughuli inayongojwa. Ndiyo maana tunasema "jibu barua hii haraka", wala hakuna asemaye "jibu barua hii kasi". Mto Rufiji wakati wa masika hupita kwa kasi ya kutisha, lakini mto hauna haraka, maana hakuna anakowahi. Tangu mabasi hayo yaanze kazi Dar es Salaam mwaka 2016 majina yote mawili yamekuwa yakitumika, na kila moja ni sahihi kwa lile linalolitaja. La ofisini linamwahidi abiria kufika mapema, la mtaani linataja mwendo wa basi. Basi laweza kwenda kasi kati ya vituo viwili na bado ukachelewa kazini.

Mbio imekaa karibu na miguu: "nenda mbio ukamwite baba". Hata hivyo saa iliyotangulia nayo tunasema inakwenda mbio. Upesi hufanana na haraka ila haina ule msukumo wa mtu anayehimizwa, ilhali hima ni himizo lenyewe: "njoo hima!"

Shikamoo mwalimu. Kwenye insha niliandika "moto ulipozuka, abiria walitoka kwa pupa". Nimekatwa alama. Kosa langu ni nini? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana haki. Pupa ni tamaa: mtu anataka apate kingi, au apate kabla ya wenzake. Ndiyo maana wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Anayekimbia moto hatamani kitu, anaokoa roho yake. Hapo ungeandika "kwa papara", yaani haraka isiyo na utulivu, mikono na miguu ikitangulia kabla akili haijaamua. Kama unachotaka kukionyesha ni hofu iliyowakumba wote, andika "kwa taharuki".

Nikupe na jambo la pili. Tazama sentensi hii: "Abiria walitoka wakikanyagana, huyu kaacha kiatu, yule kaacha mkoba." Haina kielezi hata kimoja kati ya hivyo tulivyotaja, na papara yote imo. Ukiwa na kitenzi kizuri huna haja ya kukirundikia vielezi. Pupa iweke akiba kwa yule aliyeuvamia pilau kabla sinia halijatua, ingawa hata huyo waweza kumaliza habari yake kwa neno moja: aliufakamia.

Nilitangaza kwamba "mwizi alikimbia kwa udi na uvumba". Wasikilizaji wamenipigia simu wakilalamika. Wana haki? (Mtangazaji wa redio, Tanga)

Wanayo, ndugu yangu, tena nafurahi kwamba walipiga simu. Udi na uvumba ni vitu vya kufukiza, na watu hutumia vyote viwili wanapolitaka jambo kwelikweli. Kwa hiyo usemi huo unamfaa mtu anayejaribu kila njia ili apate kitu: "polisi wanamsaka kwa udi na uvumba". Mwenye udi na uvumba hapo ni anayemtafuta mwizi. Mwizi mwenyewe ametoka mguu niponye.

Sikiliza jinsi usemi huu wa pili ulivyojengwa. Mtu anazungumza na mguu wake, anausihi umponye. Hana silaha wala mtetezi, amebakiwa na mguu tu. Kwa hiyo hauwezi kumfaa kila akimbiaye. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, akiwa ameongoza tangu mwanzo hadi mwisho, alikimbia kwa kasi, kwa ujasiri na kwa nguvu zake zote. Ukisema alikimbia mguu niponye, umemfanya shujaa kuwa mtoro. Kabla hujachagua kielezi, jiulize anayekimbia ana nini moyoni: hofu, tamaa, nia au kuchelewa?

Na kwa kuwa uko redioni, nakuomba pia usichanganye "kwa hali na mali". Huko ni kujitolea mwenyewe pamoja na ulicho nacho. Mashabiki wanaweza kuiunga mkono timu kwa hali na mali, ila mshambuliaji hapigi mpira kwa hali na mali.

Natafsiri hadithi kutoka Kiingereza. Nimeandika "mama alimtafuta mwanawe kwa kukata tamaa", lakini sentensi hainiridhishi. (Mfasiri, Nairobi)

Haikuridhishi kwa sababu aliyekata tamaa hatafuti tena, amekaa chini. Umefuata kielezi cha Kiingereza hatua kwa hatua kikakupotosha. Kiswahili kina vitenzi vilivyobeba hali hiyo tayari: kuhaha, kuhangaika, kutapatapa. "Mama alihaha mtaa mzima akimtafuta mwanawe." Ukitaka kuongeza makali: "alihaha huku na huko kama mwenda wazimu". Uliza kwanza kama kuna kitenzi, kielezi kije baadaye.

"Chapchap" na "fasta" zinakubalika? (Karani, Mombasa)

Katika mazungumzo, bila shaka. Katika barua ya ofisi andika "haraka" au "mapema iwezekanavyo". "Chapuchapu" imo kamusini, na hadithini inapendeza sana.

Kama "haraka haraka" ina nguvu kuliko "haraka", mbona "anakimbiakimbia" haina nguvu kuliko "anakimbia"? (Mwalimu, Zanzibar)

Swali zuri, na wengi hulipita bila kuliona. Kielezi kikikaririwa mara nyingi huongezeka nguvu: mbio mbio, upesi upesi. Kitenzi kikikaririwa, aghalabu tendo hutawanyika. Mtoto anayekimbiakimbia anazunguka uani bila lengo. Anayelialia halii kwa uchungu, anadeka. Anayepigapiga mlango hajaupiga kwa nguvu, ameupiga mara nyingi. Kwa hiyo ukitaka mtu apige mbio za kweli katika hadithi yako, usimkariri kitenzi. Mwandikie "alitimua mbio", "alichanja mbuga" au "alitoka nduki".

Je, ni sahihi kusema "alianguka kwa pu"? (Msomaji, Bujumbura)

Si sahihi. Tanakali za sauti hazitaki "kwa" mbele yake wala "sana" nyuma yake. Alianguka pu, alitumbukia chubwi, alimzaba kofi pa, alilala fofofo. Kila moja ina kitenzi ilichokizoea na hukaa papo hapo baada yake. Ukizitenganisha, ukasema "alitumbukia mtoni jana jioni chubwi", mlio unafika wakati mtu keshazama.