Kwa Dada wa Ohio Anayetaka Kukimbilia Mexico: Yaliyonikuta Melaque

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji aliyeko Ohio. "Dada, nimeona picha zako za Mexico. Na mimi theluji imenichosha. Nataka nikakae hata miezi miwili. Nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimefika ukurasa wa pili na machungu yangu yote yameamka. Basi namjibu hapa, na wengine mfaidike, maana najua hayuko peke yake. Nani kati yetu tunaokwangua barafu kwenye vioo vya gari alfajiri ya Januari hajawahi kujiuliza huku anatafuta nini?

Mimi ni mtoto wa Pangani. Minnesota nina miaka 19, nalea wazee, na pasipoti yangu ni ya Marekani. Mwanzoni mwa 2025 niliomba likizo bila malipo nikaenda kukaa Melaque, mji mdogo wa pwani ya Pasifiki, jimbo la Jalisco, karibu kabisa na mpaka wa Colima. Nilichagua Melaque badala ya Cancún kwa sababu mgonjwa mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa akienda huko kila mwaka, akinisimulia mpaka machozi. Jina kamili ni San Patricio Melaque. Upande wa pili wa ghuba, kama kilomita 5 kwa barabara, iko Barra de Navidad, kimji kilichobanwa kwenye ulimi wa mchanga kati ya bahari na ziwa dogo la maji ya chumvi. Novemba 1564 merikebu za Wahispania ziling'oa nanga hapo kwenda Ufilipino. Kumbukeni hilo la Ufilipino, nitalirudia.

Mambo ya karatasi nayamaliza haraka. Mwenye pasipoti ya Marekani haombi viza. Mwenye green card naye haombi, hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania au Kenya, mradi kadi iwe haijaisha. Unaweza kupewa hadi siku 180, lakini anayeamua ni ofisa aliyeko dirishani, kwa hiyo tazama amekuandikia siku ngapi kabla hujaondoka pale. Kwenye mashine ya fedha, ikikuuliza kama unakubali kiwango chake cha kubadilishia, kataa. Hela itatoka vilevile, na benki yako ndiyo itakayobadilisha. Wakati wangu dola moja ilikuwa peso 20 na ushee. Safari yenyewe haina hadithi: ndege hadi Guadalajara, kisha basi, nikalala njia nzima.

Sasa ya maana. Nilishuka pale nikivuta harufu ya chumvi na moshi wa samaki, nikaona minazi, nikaona muuza madafu na panga lake, nikasema moyoni: nimefika kwetu. Asubuhi ya kwanza nikala embe bichi lililokatwa vipande, limepakwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Dada zangu, embe la pilipili! Lile lile tulilokuwa tunalinunua nje ya geti la shule. Nikajiona mwenyeji. Wale wazee wa Kizungu waliojaa mjini msimu ule, Wakanada na Wamarekani, nikawatazama kwa huruma, nikisema hawa ni wageni, mimi ni mtu wa pwani.

Kumbe. Kulikuwa na duka mtaani kwangu, la mama mmoja wa makamo. Nikawa naingia, nachukua mayai, naweka hela mezani, natoka. Wiki nzima yule mama haniangalii usoni. Chenji ananirushia. Nikaanza kuwaza yale tunayoyawaza sisi tukiwa ughaibuni: huyu ananibagua. Nikampigia dada yangu Tanga nikamlalamikia dakika 40. Siku ya nane nikiwa nachagua nyanya akaingia mtoto, wa miaka sita hivi, anakanyaga kizingiti tu: "¡Buenas!" Mama akaitika, na wateja wawili waliokuwepo wakaitika. Akaingia mzee: "Buenas tardes." Wote wakaitika. Nikasimama na nyanya mkononi, mwili umeniishia nguvu. Mimi niliyekua kwa hodi na shikamoo, niliyechapwa na bibi kwa kupita barazani kwa watu bila kusalimia, nilikuwa naingia dukani kwa mtu kimya kama mwizi. Minnesota imenifundisha hivyo na sikujua kama nimefundishwa.

Kesho yake nilianza mlangoni. Yule mama akainua kichwa, akanitazama kama mtu aliyeniona leo. Ndipo akaniuliza natoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: salimia. Mwendesha teksi, muuza maji, wote. Ukipita kwenye mkahawa watu wanakula, unawaambia "provecho", hata usiowajua, kama sisi tunavyokaribishana chakula. Na ushauri wa pili: jifunze Kihispania kabla hujapanda ndege. Si kule, kabla.

Na hapa naja kwenye pampu, ambayo bado inaniuma.

Nilipanga chumba cha juu, mtaa wa tatu kutoka baharini, kwa mama mjane anayeishi chini. Maji ya mtaa yanaingia kwenye kisima cha saruji uani, halafu pampu inayapandisha kwenye tangi la paani, lile lile simtanki letu jeusi. Kule wanaliita tinaco. Ya kunywa ni mengine, unanunua kwenye garrafón, dumu la lita 20, gari linapita likiita. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alinipeleka kwenye swichi ya pampu akanieleza kwa dakika tatu nzima, mikono ikienda juu, ikishuka chini. Nikawa naitikia: sí, sí. Nililolishika ni "agua" tu, yaani maji. Alichokuwa anasema, kama nilivyokuja kujua, ni kwamba ukiwasha, hesabu dakika 20, uzime, kwa kuwa haijizimi yenyewe.

Ijumaa moja saa nne usiku bomba likakauka nimejaa sabuni. Nikajifunga kanga, nikashuka, nikawasha, nikaoga, nikalala usingizi wa mtu aliye likizo. Saa tisa usiku nikaamshwa na mlango unapigwa. Nje, nyota zimejaa angani, na ukutani maji yanateremka kama masika. Yalikuwa yamefurika kutoka kwenye tangi, yameingia kibanda cha jirani, yamelowesha magunia yake ya mahindi. Kisima kilipokwisha maji, pampu ikaendelea kunguruma kavukavu mpaka ikaungua. Harufu ya waya ulioungua ilikuwa imetanda uani. Mama mwenye nyumba amevaa gauni la kulalia, ameshika tochi, hasemi neno. Ningependa angenitukana.

Asubuhi fundi akaja, akaifungua, akatikisa kichwa kwa namna ile ya mafundi wa dunia nzima. Mama akaniandikia kwenye karatasi: dipoziti yangu ya peso 5,000 imekwenda, na bado anadai 1,500 za magunia. Nikataka kubishana. Nilitaka kusema pampu ilikuwa nzee, kwamba yeyote mwenye akili angeweka boya la kuizima. Hadi leo naamini ilikuwa nzee. Lakini nitasema kwa maneno gani? Nilikuwa na "agua" na "sí". Mwanamke wa miaka 47, ninayebishana na madaktari kazini, nilisimama pale kama mtoto aliyefumwa jikoni. Jifunze Kihispania, dada. Hela nilizopoteza usiku ule zingenilipia mwalimu.

Baada ya hapo nikaanza kwenda kila jioni kwenye lile duka la mayai, nikikaa kwenye kreti, mama ananisomesha. Malipo yangu yalikuwa kumenya vitunguu saumu. Somo lililonishinda ni "ahorita". Kamusi itakwambia ni sasa hivi. Gari la gesi linakuja ahorita: nilingoja siku mbili. Ila sisi ambao "niko njiani" yetu husemwa mtu bado anaoga, hatuna haki ya kulalamika.

Sasa ile ya Ufilipino. Barra de Navidad nilimwona mzee amebeba kibuyu kikubwa, anauza kinywaji kwa glasi, anakitia karanga za kusagwa na vipande vya tofaa. Kinaitwa tuba. Nikaonja, nikapiga kelele: tembo! Tembo la mnazi! Ndilo hasa. Watu wa Ufilipino waliokuja na merikebu za Wahispania ndio waliowafundisha watu wa pwani ya Colima kugema, na minazi yenyewe ilipandwa kwa wingi tangu enzi hizo. Nikajaribu kumweleza mzee kwamba hata kwetu tunapanda juu ya mnazi, tunakata ncha ya karara lake, tunakinga. Akauliza, "¿Cuba?" Nikasema hapana, Afrika. Akafikiri kidogo, akaniongezea karanga. Ladha? Tamu, baridi, haina ukali wowote. Yule mgema alikuwa amesifiwa sana.

Hilo la "Cuba" nililisikia kila siku. Cuba, Haiti, Colombia. Nikisema Estados Unidos, yaani Marekani, watu walikuwa wananyamaza, kama wanangoja nimalizie sentensi. Kwa kawaida nilicheka. Siku moja sikucheka.

Ilikuwa Februari, nimepanda basi kwenda Manzanillo kununua viatu. Njiani tukasimamishwa, wakapanda watu wawili wenye sare. Mbele walikaa wazee wanne wa Kizungu, kofia za majani, pua zimeungua jua. Wakawapita. Wakawapita na Wamexico wote. Wakaja kwangu, siti ya tisa. "Documentos." Pasipoti ilikuwa chumbani, chini ya godoro, kwa usalama! Nikajibu kwa Kiingereza kwamba mimi ni raia wa Marekani. Mmoja akatabasamu. Nikateremshwa.

Nilisimama kando ya barabara kama dakika 25, jua la utosi, natafuta kwenye simu picha ya pasipoti niliyokumbuka kwamba niliwahi kuipiga. Dereva akawasha injini. Ndipo mwanamke mmoja mwenye kapu, sijawahi kumwona kabla wala baada, akasimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akagoma kuingia. Dereva akapiga honi, naye hakusogea. Picha nikaipata, wakaikuza, wakautazama uso wangu mara mbili, wakanirudishia simu bila neno. Nilipopanda, wale wazee wa Kizungu waliangalia dirishani. Yule mwanamke akanipa chungwa.

Dukani kwa yule mama nilikuwa Mmarekani kupita kiasi. Barabarani Umarekani wangu haukuonekana kabisa. Sijui nililie lipi. Wewe unayekwenda na ngozi kama yangu: pasipoti yenyewe mkobani, picha yake kwenye simu, kila siku, hata ukienda kununua chumvi. Na usiruhusu mtu akuambie eti unakuza mambo, hajateremshwa yeye. Na Kihispania, narudia. Angalau ujue kusema "nisubirini".

Niliondoka Machi 18, maana nilitaka kuiona sikukuu ya mtakatifu wao, Patrick, tarehe 17. Usiku ule uwanja wa kanisa ulijaa. Wanasimamisha mnara wa fataki wanaouita ngome, unazunguka na kutema cheche ghorofa kwa ghorofa. Kabla yake hutoka vijana wamebeba mabegani fremu ya ng'ombe iliyofungwa fataki, wanakimbilia katikati ya watu, na watu wanakimbia wakicheka. Nilikimbia na mimi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Cheche ikatua kwenye kanga yangu ya pili, ya kwanza ilishachukuliwa na wimbi la Barra siku nilipojifanya najua bahari zote, ikatoboa tundu la ukubwa wa shilingi.

Asubuhi nafunga mizigo, mama mwenye nyumba akapanda ngazi. Tulikuwa hatujazungumza sawasawa tangu pampu. Nikamwambia yote niliyoyapanga kwa wiki sita, kwa Kihispania, na vitenzi vyangu vimenyooka: kwamba nasikitika, kwamba ningeelewa ningezima, kwamba pampu ilikuwa nzee. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaiona kanga kitandani, akaingiza kidole kwenye tundu, akashuka nayo bila kuaga. Baada ya nusu saa akairudisha imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo kama ya mashine.

Dipoziti hakurudisha.