Dakika nane za Judi Dench zisikudanganye

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeigiza jukwaani miaka 6, sasa nimepata nafasi kwenye filamu fupi na dairekta kila saa ananiambia "punguza, hiyo ni ya jukwaani". Kuna kocha mtandaoni anauza kozi ya siku 2 ya kuondoa ujukwaa, anasema hata Judi Dench, yule mwigizaji wa Uingereza, ilibidi asahau jukwaa ndio akachukua Oscar kwa dakika 8 tu. Nilipie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipie.

Hiyo hadithi ya dakika nane naletewa karibu kila wiki, na kila anayeileta anaikata palepale anapokatia muuza kozi. Ni kweli, kwenye filamu ya Shakespeare in Love anaonekana kama dakika nane hivi akiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na Machi 1999 akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Sawa. Ila alikuwa na miaka 64, na jukwaani alipanda 1957 akiwa Ophelia kwenye Hamlet ya Shakespeare, na kampuni ya maigizo ya Old Vic, kwahiyo hizo dakika nane zina miaka zaidi ya 40 nyuma yake, hiyo kocha wako kaificha wapi? Alafu eti alisahau jukwaa! Mwaka huohuo wa Oscar alikuwa Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, akiigiza Amy's View, Juni akabeba Tony, tuzo ya waigizaji wa jukwaani. Mtu aliyesahau jukwaa habebi Tony bana.

Na hakuruka kutoka jukwaani moja kwa moja mpaka Hollywood. Filamu alianza kuonekana 1964, mtu mmoja wa sinema alishamwambia sura yake yote imekosewa, akarudi zake kwenye kazi. Miaka ya 80 alikuwa kwenye vichekesho vya televisheni, A Fine Romance, na mumewe Michael Williams, na hapo ndipo mtu anazoea kamera, wiki baada ya wiki, bila kelele. Akachukua BAFTA, tuzo za Uingereza, za filamu kwa nafasi ndogondogo kabla Wamarekani wengi hawajamjua. Filamu yake ya kwanza ya James Bond, GoldenEye, ni 1995. Mrs Brown ya 1997 hata ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni kwanza, ndio ikapelekwa sinema, na aliyeiongoza, John Madden, ndiye huyohuyo aliyempa zile dakika nane. Kazi imezaa kazi.

Sasa tuje kwako, maana hapa ndio pananikera hasa. Dairekta akisema "punguza", hawa makocha wanatafsiri "usifanye kitu". Tulia, usipepese macho, ongea kama una usingizi. Nilishaletewa binti aliyetoka kwenye kozi ya namna hiyo, kafundishwa asicheze uso kabisa, ilituchukua miezi kumrudishia uso wake. Kamera haitaki ufanye kidogo, inataka umlenge mtu aliye karibu. Jukwaani unamtafuta wa kiti cha mwisho kule juu, kwenye filamu msikilizaji wako ni maiki iliyobandikwa kifuani pako. Umbali tu ndio umebadilika. Wazo lile lile, pumzi ile ile, ila sauti inashuka, na hapa wengi wanaharibu, wanashusha sauti na pumzi kwa pamoja, mwisho wa sentensi unakufa, fundi sauti anabaki anahangaika.

Dench mwenyewe udogo huo aliufanyia kazi jukwaani. 1976 aliigiza Lady Macbeth kwenye Macbeth ya Shakespeare, na mwigizaji mwenzake Ian McKellen, pale Stratford, Uingereza, siyo kwenye ukumbi mkubwa, kwenye kibanda cha mabati kinaitwa The Other Place, watazamaji wamekaa karibu kiasi cha kuona macho yako. Ile kazi baadaye ikarekodiwa kwa televisheni na ilikaa vizuri tu kwenye picha za karibu.

Kwahiyo jaribu hivi, bure. Chukua maneno ya tukio lako, mwambie mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Alafu mwambie akiwa upande wa pili wa meza. Alafu yaseme kama kuna mtoto kalala mapajani mwako na hutaki aamke. Ukiona kwenye hatua ya tatu wazo limepotea, ujue ulikuwa unaigiza kwa sauti, siyo kwa wazo, na hilo lingekuangusha hata jukwaani. Yaliyobaki ni mapya kweli lakini yanafundishika seti kwenyewe: kuanza na tukio la mwisho kabla ya la kwanza, kushika kikombe kwa mkono uleule kila mnaporudia, kulia saa mbili asubuhi mbele ya mafundi wanaokunywa chai. Hayo siku 2 za kwenye zoom hazikupi.

Na wengine mnaosoma hapa, angalieni sana hawa watu. Anaanza na kozi, kesho ana "usaili" wa kulipia, keshokutwa anataka hela ya picha ili akupeleke kwa maprodyuza anaowajua yeye peke yake. Mtu anayetafuta mwigizaji ndiye anayelipa, hela ikianza kutoka mfukoni mwako kabla hujasoma hata mstari mmoja wa skripti, ondoka. Cheti anachokupa hakuna dairekta atakayekiomba, mimi sijawahi kuulizwa.

Klipu uliyonitumia nimeiona. Uso hauna shida. Ile sentensi ya kumwambia mama yako unaondoka, neno la mwisho halisikiki mara zote tatu. Anza na hilo.