Birika Gani Lina Mkono?

Wewe uliyepangiwa kufundisha Kiswahili Amu, yaani Lamu, muhula huu, najua begini mwako mna daftari la nahau. Hata mimi nilikuja na langu. Kwenye boti kutoka Mokowe nililikumbatia lisipate maji ya chumvi, maana ndilo lililonivusha mitihani yote tangu shule ya msingi. Mkono mrefu: mwizi. Mkono wa birika: mchoyo. Maana zilikuwa sahihi kabisa. Lisichosema daftari ni nani humwambia nani, na wapi.

Mwezi wa kwanza mwalimu mwenzangu alinialika kwao Langoni, mchana wa Ijumaa. Sinia la wali wa nazi likatuliwa kwenye mkeka, samaki wa kupaka kati, sisi wanaume wanne tumelizunguka. Pembeni palikuwa na sahani nyingine iliyofunikwa kawa, haikuguswa na mtu. Nikatafuta la kuchekesha, nikajitwika ujuzi: "Na hicho mwamfichia nani? Kumbe nyumba hii ina mkono wa birika!"

Mkono wa mwenzangu ulisimama na tonge. Hakucheka mtu. Kisha kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya mama yake, ambaye sikuwa nimemwona: "Mwongezeni mgeni, yaonekana hajashiba." Nikaongezwa. Nikaongezwa tena. Nikiwa bado napambana na nyongeza ile, mtoto akaja akaibeba ile sahani na kawa lake, akatoka nayo uchochoroni. Ilikuwa ya jirani, mjane aliyekuwa edani. Miezi minne na siku kumi hatoki kwenda popote bila dharura, na sahani ile ilikuwa ikimfikia kila mchana tangu siku ya msiba.

Basi hilo ndilo la kwanza: nahau hii haisemwi katika nyumba unayolishwa, hata kwa mzaha. Husemwa juu ya asiyekuwepo, kwa sauti ya chini, au baina ya watani na marika waliozoeana vya kutosha hata kutukanana ni salamu. Mkubwa wako usimwambie kamwe.

Maana yenyewe nilifafanuliwa barazani, na mzee aliyekwisha kupata habari zangu kabla sijafika (mji huu ni mdogo, na vichochoro vyake vina masikio). Alikuwa akimimina kahawa tungu. Akaliinua dele lake la shaba, birika la kahawa, akapitisha kidole kwenye kishikio polepole. "Mwalimu, tazama. Mkono umetoka tumboni, ukapinda, ukarudi tumboni. Umempa nani?" Halafu akanijazia kikombe.

Tangu siku hiyo sijaifundisha kwa daftari. Naingia darasani na birika la chai, nawaambia wanafunzi wasimame, mkono kiunoni, wajitazame. Wanacheka, na hawasahau.

Jingine litakalokusumbua ni kuyachanganya majina ya ubaya huu kana kwamba ni mamoja. Mchoyo ana chake, hatoi. Huyo ndiye mwenye mkono wa birika. Bahili anaweza hata kujinyima mwenyewe. Mlafi na mroho ni wa kwenye sinia: anakula kwa pupa, mkono wake unavuka upande wa mwenziwe kufuata nyama, ilhali adabu hapa ni kula kilicho mbele yako na kungoja mwenyeji akumegee cha kati. Mwenye tamaa anataka cha watu, au anataka zaidi ya alichonacho. Ndiye wa "tamaa mbele, mauti nyuma". Mwanafunzi akikuandikia kwamba mnyakuzi wa ardhi ana mkono wa birika, usimpe alama. Mnyakuzi mkono wake haukupinda, umenyooka mno.

Na usikubali "mikono ya mabirika". Nahau haiongezwi wingi kwa hiari ya mwandishi. Wachoyo wakiwa kumi, wote wana mkono wa birika. Hapo mimi huwa mkali, pengine kupita kiasi.

Kuna mtego mmoja ambao daftari la bara haliwezi kuuona. Nilipopanga chumba katika nyumba ya kale Mkomani, mwenye nyumba aliniambia birika limo chooni. Nikaingia kutafuta chombo cha chai, nikajiuliza watu hawa wanaishije. Kumbe ni tangi la maji la kuogea, limejengwa kwa mawe na chokaa, na ndani mna visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa Amu anaoga kwa maji ya birika tangu kuzaliwa, na msikitini watu wametawadha birikani vizazi na vizazi.

Kwa hiyo usishangae. Somo langu la kwanza la nahau, nilipoandika "mkono wa birika" ubaoni kwa mbwembwe na kuuliza nani ana swali, mkono mmoja uliinuka nyuma: "Mwalimu, birika gani lina mkono?" Darasa likaangua kicheko, nikadhani ni utundu, nikamtoa nje. Nilimrudisha wiki iliyofuata, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Siku hizi nikichelewa kurudisha madaftari yao, ni yeye yule anayesimama, mkono kiunoni, ananitazama tu.