Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kazi ya Kambi ya Kiingereza

Tanga, 4 Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, na masika ya mwaka huu yametufungia ndani kiasi kwamba barua yako nimepata wasaa wa kuisoma mara mbili. Unauliza kama ukubali kazi ya wiki sita katika kambi ya Kiingereza huko Bournemouth wakati wa likizo ya kiangazi, na kama si kichekesho Mtanzania kwenda kuwafundisha watoto wa Kitaliano na Kihispania lugha ya Waingereza katika nchi ya Waingereza wenyewe. Nitaanza na hilo la pili, maana naona ndilo linalokukera zaidi.

Kiangazi cha 1994, nilipokuwa nikisoma chuo katika mji wa Reading, Uingereza, nilifanya kazi katika kambi ya namna hiyo kwenye pwani ya kusini. Mwenzangu wa zamu alikuwa kijana Mwingereza, msomi na mwenye moyo safi. Siku moja mtoto wa Kitaliano alimwuliza kwa nini kila anaposema "I am agree" anasahihishwa, naye akamjibu kwamba haisikiki vizuri, basi. Mtoto akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekwisha kumdadisi mwalimu aliyewaleta, kwa hiyo nilimweleza kwamba kwao husemwa "niko katika makubaliano", ndiyo maana anatia kitenzi cha kuwa mahali ambapo Kiingereza, kama Kiswahili, kinatosheka na "nakubali" peke yake. Akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino, na kosa lile sikulisikia tena kinywani mwake. Mwenzangu alizaliwa ndani ya lugha ile. Mimi niliingia kwa kubisha hodi, kidato cha kwanza, kamusi mkononi, kama ulivyoingia wewe. Kwa hiyo aibu usiwe nayo.

Hata hivyo, sidhani kama utapewa darasa, kwa sababu shule zenye ithibati ya British Council hutaka mwalimu awe na cheti cha kufundisha Kiingereza kama CELTA, ambacho kina walau saa 120 za mafunzo na saa 6 za kufundisha chini ya uangalizi. Utakuwa kiongozi wa shughuli: michezo ya alasiri, matembezi, foleni ya chakula na ulinzi wa bweni. Usiidharau, ingawa inachosha kuliko kufundisha. Tulikuwa tukiwapeleka watoto 40 mjini kwa treni, wakitembea wawili wawili, nami nikihesabu vichwa kwa Kiswahili, kwa kuwa nikishikwa na hofu hesabu za Kiingereza hunipotea. Siku moja pale stesheni niliishia 39 mara tatu, jasho likinitoka. Wa 40 alikuwa nyuma yangu, ameshika mkanda wa begi langu, ananong'ona pamoja nami: moja, mbili, tatu.

Lililoniumiza ni mkataba. Ulisema nitafanya kazi "kadiri itakavyohitajika", nami nikatia saini nikidhani ni maneno ya adabu tu. Niliamsha watoto saa moja asubuhi, na lindo la korido likaisha saa sita usiku. Nilipougawa mshahara wa wiki kwa saa hizo, nilipata kiasi ambacho sikumwandikia bibi yako. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumshitakia mtu, kwa maana kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote kilianza Aprili 1999. Wewe unayo. Kwa umri wako wa miaka 22, tangu mwezi uliopita, Aprili 2025, ni pauni 12.21 kwa saa, na kwa malazi mwajiri haruhusiwi kuhesabu zaidi ya pauni 10.66 kwa siku katika kima hicho, wakati chakula hakihesabiwi kabisa. Basi waulize kwa maandishi kama zamu ya usiku inalipwa, na siku ya mapumziko ni ipi.

Kuhusu viza yako ya mwanafunzi, wewe wa shahada ya kwanza waweza kufanya kazi muda wote wakati wa likizo rasmi ya chuo, lakini hakikisha tarehe za kambi haziingii ndani ya muhula, ambapo kikomo ni saa 20 kwa wiki. Yule rafiki yako wa shahada ya uzamili, unayesema mtakwenda pamoja, asikufuate kabla ya kuuliza chuoni kwake, kwa sababu kwao miezi ya kuandika tasnifu kwa kawaida huhesabiwa kuwa muhula. Tena, kwa kuwa utakaa na watoto, watakuchunguza rekodi za jinai, na waweza kudaiwa cheti cha tabia njema cha polisi wa huku nyumbani. Wakikidai, niambie mapema.

Kwa hiyo ikubali, ila usitie saini bado. Nitumie kwanza ule ukurasa wa saa za kazi. Kiingereza cha mikataba nakisoma polepole, lakini nakisoma.

Baba yako