Uvimbe chini ya jicho la mbwa: mdomo kwanza!

Mkuu, hiyo sindano ya tatu usimchome. Umesema mbwa wako kavimba chini ya jicho la kushoto, akachomwa dawa uvimbe ukanywea, sasa umerudi na unatoa usaha, na muuza dawa anashikilia kuwa ni jicho. Umemfungua mdomo? Najua hujamfungua. Hata mimi sikumfungua wangu.

Juu kule, nyuma ya chonge, kuna gego kubwa lenye mizizi mitatu, na mizizi yake inaishia karibu na chini ya jicho. Likipasuka hadi kwenye kiini, vijidudu vinapenya, usaha unajaa mzizini, halafu unatafuta pa kutokea. Unatokea hapo hapo unapopaona wewe. Sindano inatuliza uvimbe, jino bovu linabaki. Dawa ikiisha, ngoma inaanza upya.

Mimi nilipaka dawa ya macho ya tyubu, nikakanda kwa maji ya chumvi, mpaka majirani wakaniita daktari wa macho. Na yule bwana wa duka la dawa za mifugo, na koti lake jeupe, hakuwahi hata kuugusa mdomo wa mbwa! Leo sindano, wiki ijayo sindano kali zaidi. Jicho lenyewe lilikuwa zima kabisa, likimtazama anavyohesabu noti zangu.

Nilipompata daktari wa mifugo wa kweli, alinyanyua mdomo tu: gego limebanduka ubavu mzima. Akaniuliza mbwa anatafuna nini. Mifupa ya miguu ya ng'ombe, ile migumu, buchani nilipewa bure, eti inasafisha meno. Bure! Bure hiyo nikailipia eksirei, nusu kaputi na kung'oa. Na gego hilo halivutwi likatoka. Linakatwa kwanza, kila mzizi utolewe peke yake. Asiyejua akilazimisha, kipande kinabaki ndani na usaha unarudi.

Kwa hiyo uvimbe chini ya jicho, mdomo kwanza. Sijali nani kakwambia nini.

Uliuliza pia dawa ya meno. Dawa ya meno ya binadamu usimpe, nyingine zina zailitoli, kile kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Wewe tafuta mtu akushikie mbwa, maana ana maumivu na atang'ata, nyanyua mdomo wa juu, piga picha, iweke hapa leo.