Andikeni pia bajeti ya mwaka mtakaoshindwa kupanda

Mmeuliza wiki hii kama klabu ndogo inafanya sawa kukopa na kutumia kila ilichonacho ili ipande daraja. Swali hilo niliwahi kulijibu kwa vitendo, tena kwa fedha za watu, nilipokuwa mweka hazina wa timu ya kata hapa Moshi.

Zilibaki mechi sita na tulikuwa nafasi ya pili. Mwenyekiti akatuambia tukileta washambuliaji wawili kutoka Arusha na kuweka kambi, tutaingia ligi ya mkoa, na huko wafadhili watatuona. Akina mama wa kikoba cha mtaani, wengi wao wauza ndizi na mboga soko la Mbuyuni, wakatukopesha. Tukalipa wachezaji, tukapanga nyumba ya kambi, tukashona jezi mpya. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Tukafungwa moja bila. Washambuliaji wale waliondoka wiki hiyohiyo, deni likabaki. Tulilipa kwa miaka mitatu. Muda wote huo vijana wetu wadogo walikosa hata nauli ya daladala kwenda kucheza Kiboriloni, na wengine waliacha mpira kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko lile bao.

Kutaka kupanda hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba daftari langu lilikuwa na hesabu ya mwaka wa ushindi peke yake.

Na si sisi tu tusio na elimu ya uhasibu. Leeds United ya Uingereza ilikopa pauni milioni 60 kwa kuweka rehani mapato ya tiketi ya miaka iliyokuwa bado haijafika, ikiamini itacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kila msimu. Mwaka 2001 ilifika nusu fainali. Mwaka 2004 ikashuka daraja, na 2007 ilikuwa daraja la tatu. Bury, nayo ya Uingereza, ndiyo inayonisikitisha zaidi: klabu ya mwaka 1885, yenye Kombe la FA mara mbili, ilipanda kutoka daraja la nne mwaka 2019 huku wachezaji wakidai mishahara. Agosti 27 mwaka huohuo ikafukuzwa kwenye ligi kabla ya kucheza hata mechi moja ya daraja jipya. Ilifanikiwa kupanda, na bado deni likaitoa.

Hapa kwetu kishawishi nakielewa. Mkataba wa Azam Media wa kurusha Ligi Kuu, uliosainiwa 2021, ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Lakini Championship, ligi iliyo chini yake, ina timu 16, na zinazopanda moja kwa moja ni mbili. Ya tatu labda ipite kwenye mchujo. Zikikopa timu sita, hata zote zikicheza vizuri namna gani, angalau tatu zitabaki chini na madeni yao. Hakuna kocha wa kubadilisha hesabu hiyo.

Hata kupanda kwenyewe si mwisho wa gharama. Nilikuwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid Juni 2018, Singida United ilipofungwa 3-2 na Mtibwa Sugar kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilikuwa imepanda mwaka mmoja tu kabla, ikasajili wachezaji wa kigeni, na sote jukwaani tuliiona kama kigogo kipya. Mwaka 2020 ilishuka. JKT Oljoro ya Arusha ilishuka 2014, Polisi Tanzania iliyotuletea Simba na Yanga hapa Moshi, Uwanja wa Ushirika, ikashuka 2023, lakini hizo nyuma yao kuna taasisi. Timu ya wananchi ikianguka inaangukia kwa mama wa Mbuyuni.

Kwa hiyo jibu langu: tajiri akitaka kubahatisha kwa fedha zake, atoe kama mchango, wala asiiandikie klabu deni. Mishahara ya msimu mzima iwe benki kabla ya usajili. Na mkopo wowote wanachama wausomewe mkutanoni pamoja na swali moja: tusipopanda, nani atalipa, na kwa fedha ipi? Sisi hatukuuliza. Tuliogopa kuonekana tunaitakia timu mabaya.

Mkopo ambao ningeusaini hata kesho ni wa kununua Coaster iliyotumika. Ingetupeleka mechi za ugenini, vijana wadogo wakiwemo, na siku zisizo na mechi ingekuwa barabarani inabeba abiria wa Himo, tumepanda au hatukupanda.