Kompyuta imegoma kuwaka: toa mafaili kwanza, ufundi ufuate

Mtu akiniletea kompyuta iliyogoma kuwaka, kabla sijagusa kitu namuuliza: humo ndani kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote? Wengi hunyamaza kidogo, kisha huanza kuhesabu. Picha za watoto. Tasnifu iliyobaki sura moja. Hesabu za biashara. Basi nawaambia habari ya kuitengeneza mashine tuiweke kando kwanza, tushughulike na hivyo.

Nimekaa na mashine za ndugu na marafiki muda wa kutosha kuona kwamba mafaili mengi hayauawi na ubovu, yanauawa na matibabu. Windows ikishindwa kuwaka, picha zako kwa kawaida zipo palepale zilipokuwa jana, ila njia ya kuzifikia ndiyo imeziba. Kisha anatokea mtu mwenye haraka, anafomati diski bila kuuliza, anapiga Windows mpya, na kompyuta inarudi kwa mwenyewe ikiwaka vizuri kabisa, tupu. Kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, jambo hili ni baya zaidi. Ikishafomatiwa, Windows huiarifu kwamba nafasi ile sasa ni huru, nayo huanza kuisafisha yenyewe. Zile programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa, ambazo kwenye diski za kuzunguka huokoa mengi, kwenye SSD mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo anza kwa kujua imekwama wapi. Kama haitoi hata taa, shida ni ya umeme: chaji, betri, au ubao mama, na diski yenyewe huenda ni nzima. Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, bana kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha chaji peke yake ujaribu. Kama feni inazunguka na skrini imebaki nyeusi, chomeka skrini ya nje. Hiyo nayo ikiwa nyeusi, zima kila kitu, chomoa RAM (kile kibao cha kumbukumbu) na uirudishe vizuri mpaka ikae. Kama inaandika kwamba haioni diski ya kuanzia, angalia kwanza kama kuna flashi uliyoisahau imechomekwa. Usicheke, hilo hutokea mno. Kwenye mashine ya siku nyingi, ukikuta saa imerudi nyuma miaka kadhaa, kibetri cha ndani kimekufa (kwa kawaida ni CR2032) na mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, imejifuta. Windows inaweza kugoma kwa sababu hiyo tu.

Inayofika kwenye nembo, ikazunguka, ikaleta skrini ya hitilafu (ya bluu au nyeusi) na kuanza upya, hiyo ndiyo yenye matumaini zaidi. Mashine ni nzima, Windows ndiyo inaumwa.

Halafu sikiliza. Diski ya kuzunguka inayofanya tik, tik, tik kwa mpigo ule ule, au inayokwaruza, izime sasa hivi. Usiiwashe tena "kujaribu mara ya mwisho." Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inajikwangua. Kama kilichomo kina thamani kubwa, hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo. Ushauri unaofuata hapa chini hauihusu.

Jambo jingine kabla ya kugusa chochote ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima kwa ufunguo wa siri. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft yenyewe. Safari za ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikahangaika. Dawa yake haikudai kufomati chochote: ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta faili moja. Kilichowakwamisha wengi ni kwamba diski zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, na mashine ikadai ufunguo ambao hawakuwa nao mkononi.

Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski namna hiyo zenyewe, bila mwenyewe kujua, mara tu anapoingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo ni tarakimu 48. Kwa bahati nzuri nakala yake huwa imehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo: chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, linganisha kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini na kilichopo pale, uandike tarakimu zote kwenye karatasi. Kompyuta ya kazini, ufunguo wake wanao watu wa TEHAMA. Fanya hivi kabla hujaenda kubadilisha mipangilio ya BIOS, maana kuzima Secure Boot tu (ulinzi unaokagua kinachoiwasha mashine) kunatosha kuiamsha BitLocker ikaanza kudai ufunguo. Na bila ufunguo huo hakuna fundi wa kukusaidia, hata akuahidi nini.

Ukiwa na simu mkononi, ingia pia kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Mara nyingi folda za Desktop, Documents na Pictures huwa zimekuwa zikipanda huko kimyakimya. Nimewahi kumwona mtu akitokwa jasho kwa ajili ya mafaili yaliyokuwa yakimsubiri kwenye simu yake.

Sasa njia zenyewe. Ninayoipenda kuliko zote haihitaji kitu zaidi ya flashi au diski ya nje. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, hujileta kwenye skrini ya bluu ya matengenezo. Humo tafuta Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Likifunguka lile dirisha jeusi, andika notepad ubonyeze Enter. Notepad ile ile ya kuandikia. Nenda File, halafu Open, na pale chini panapoonyesha mafaili ya maandishi tu, badilisha uchague All Files. Umeshapata dirisha la kuvinjari diski nzima! Ingia kwenye folda ya Users, fungua yenye jina lako, bofya folda kwa kitufe cha kulia, Copy, kisha nenda kwenye flashi, Paste. Usishangae ukikuta kilichokuwa C leo kinaitwa D, herufi hubadilika humo ndani. Na usitarajie kuona mstari wa maendeleo. Dirisha linaweza kuonekana limeganda wakati linanakili, kwa hiyo hamisha folda moja moja na uwe mvumilivu.

Skrini ya matengenezo isipokuja, tumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaoweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kwenye kompyuta nyingine pakua Ubuntu au Linux Mint na uiandike kwenye flashi tupu ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo mafaili yako utayahamishia kwenye nyingine. Ichomeke kwenye mgonjwa, washa huku ukibonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP, Esc kwenye Asus nyingi. Ubuntu hukubaliana na Secure Boot, huna haja ya kuizima. Ikikuuliza, chagua kuijaribu. USICHAGUE kuisakinisha, hapo ndipo diski hufutwa. Fungua kidhibiti cha mafaili, bofya diski yako, nakili. Mara nyingi Linux itakuambia inaweza kusoma tu bila kuandika kwa sababu Windows haikuzimwa sawasawa. Usihangaike kuiondoa kinga hiyo, kusoma ndiko tunakokutaka.

Na kama mashine haiwaki kabisa, diski inatoka. Diski ya laptopu yenye kiunganishi cha SATA (aina ya kawaida ya siku nyingi) huunganishwa kwa adapta ya USB kama flashi nyingine yoyote. Zile nyembamba za M.2 zina aina mbili, NVMe na SATA, na kasha la moja si lazima likubali nyingine, kwa hiyo soma kibandiko chake kabla ya kununua kasha. Windows ya kompyuta nyingine ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda yako ya zamani, bonyeza Continue usubiri. Lakini laptopu nyembamba nyingi za sasa zina hifadhi iliyolehemewa kwenye ubao, na Mac zenye chipu ya T2 au za Apple silicon hufunga data kwa chipu ya mashine yenyewe. Hizo hazina njia ya mkato, lazima ubao utengenezwe kwanza.

Unaponakili, usiishie kwenye Documents. Angalia Downloads, angalia Desktop, na angalia ndani ya folda ya OneDrive, maana Desktop yako halisi inaweza kuwa humo. Baadhi ya mafaili humo ni kivuli tu na asili yake ipo mtandaoni, yakigoma kunakiliwa usifadhaike, yapakue kwa simu. Folda iliyofichwa ya AppData ndiyo yenye alamisho za kivinjari na barua pepe za Thunderbird. Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 itakataa faili linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu zinataka flashi yenye mpangilio wa exFAT. Ukimaliza, chomeka nakala kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili kadhaa kabisa, usiridhike kuona majina yake.

Baada ya hapo ndipo tutengeneze, na hapa hakuna tena cha kuogopa. Kwenye skrini ile ile ya matengenezo, anza na Startup Repair. Ikishindwa, ondoa sasisho la mwisho kwa Uninstall Updates, kisha jaribu System Restore, ambayo hurudisha mipangilio nyuma bila kugusa nyaraka zako. Amri ya chkdsk, ambayo watu huikimbilia kwanza, mimi huiweka huku mwisho kwa makusudi: kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, na ikibidi hukata vipande vya mafaili na kuvitupa kwenye folda ya found.000. Kwenye diski inayokufa huikamua nguvu iliyobaki. Reset this PC yenye Keep my files huacha nyaraka na kuondoa programu zote, ila Remove everything iko hapo hapo chini yake, kwa hiyo soma kabla ya kubofya.

Yote hayo yakishindwa, au ukiwa na shaka na diski, mimi huweka SSD mpya na kupiga Windows humo. Ile ya zamani naiandikia tarehe kwa kalamu na kuiweka kabatini bila kuifomati, kwa sababu baada ya wiki chache mwenyewe hupiga simu kuulizia folda ambayo hakuna aliyekumbuka kuitaja.